Mto Mmoja, Tahajia Mbili

Kusini mwa maingilio ya Mto Ruvuma, si mbali na bahari, kipo kijiji chenye jina moja na tahajia mbili. Wajerumani, waliokitwaa mwaka 1894, walikiandika Kionga. Wareno, waliokirejesha mikononi mwao mwaka 1916 na kuthibitishiwa milki hiyo na Mkataba wa Versailles mwaka 1919, walikiandika Quionga, na hivyo ndivyo kinavyoandikwa katika ramani za Msumbiji. Mto wenyewe umepatwa na jambo hilohilo. Mwanafunzi wa Mtwara huandika Ruvuma. Mwenzake wa Palma huandika Rovuma. (Livingstone, aliyeshuka Mikindani mwezi Machi 1866, naye aliandika Rovuma katika shajara yake, kwa hiyo Wareno wasilaumiwe peke yao.)

Mtu asiyejua Kireno aweza kudhani kwamba wenyeji wa pande mbili za mto hulitamka jina hilo kwa namna mbili. Sivyo. Katika Kireno cha Ulaya irabu o isiyokuwa na mkazo hutamkwa karibu sawa na u. Tena herufi c ikitangulia i husomwa kama s, ndiyo sababu k ya Kionga ilivikwa qu. Msomaji wa Kireno akiisoma Rovuma kwa kanuni za lugha yake atatamka kile kile anachotamka Mtanzania aisomapo Ruvuma. Sauti ni moja. Kilichopasuka ni kalamu.

Laiti mpasuko huo ungeishia kwenye ramani, ungekuwa ni jambo la kuchekesha tu. Lakini umeipata lugha nzima. Kimakonde husemwa katika nyanda za juu za Newala na Tandahimba na kuteremka hadi Mtwara, na ng'ambo ya mto husemwa katika nyanda za Mueda na kandokando yake. Jina la lugha hii hupatikana vitabuni kwa sura tano: Kimakonde, Chimakonde, Cimakonde, Shimakonde na Ximakonde. Baadhi ya tofauti hizi zimo katika ulimi, na nyingine zimo katika wino peke yake. Kuzitenga aina hizo mbili ndiyo kazi ya kwanza ya yeyote anayetaka kuiandalia lugha maandishi, na ndipo itakapofaa kuuliza swali linaloulizwa mara nyingi na vijana wenye moyo: je, lugha zetu hazistahili herufi zake zenyewe, zisizokopwa Roma wala Uarabuni?

MAFUNDO KUMI NA MOJA

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alikaa Newala kwa majuma kadhaa akichunguza maisha ya watu wa nyanda hizo. Miongoni mwa vitu alivyoonyeshwa ni kamba ya gome la mti iliyofungwa mafundo 11. Mtu aendaye safari ya siku 11 humwachia mkewe kamba ya namna hiyo. Fundo la kwanza ni siku ya kuondoka, yanayofuata ni siku za njiani na za kukaa huko aendako, na la mwisho ni siku ya kurudi. Kila siku mke hufungua fundo moja. Mafundo yakiisha, mume yu karibu kubisha hodi.

Kamba hiyo imetajwa na waandishi kadhaa wa historia ya maandishi, na ni haki yake kutajwa, kwa kuwa hutunza habari nje ya kichwa cha mtu. Hata hivyo si hati. Fundo halisemi neno, husema siku. Mke wa Kiyao au wa Kimakua angeweza kulifungua bila kujua neno moja la Kimakonde. Hati kwa maana kamili huanza pale alama inaposimama badala ya kipande cha lugha yenyewe, iwe neno, silabi au sauti, hata mtu asiyekuwapo aweze kuyasema maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Tofauti hii si ya kudharau akili ya aliyefunga mafundo. Ni tofauti ya kazi.

HERUFI ZILIZOTANGULIA

Si kweli kwamba pwani hii ilikuwa haina maandishi mpaka walipofika wamisionari. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu zimehifadhiwa mpaka leo huko Goa, India, zilikopelekwa na Wareno. Katika karne ya 19 watawala wadogo wa pwani ya Cabo Delgado waliandikiana na maofisa wa Kireno kwa Kiswahili na kwa herufi hizohizo, na barua zao zimo katika hifadhi ya nyaraka za kihistoria mjini Maputo. Kwa karne mbili, basi, mtu wa Kilwa na mtu wa kusini ya Ruvuma waliweza kusoma barua moja.

Herufi hizo zilikuwa na upungufu wake. Kiarabu huonyesha irabu tatu, ambapo Kiswahili kina tano. E na i ziligombea alama moja, na o na u ziligombea nyingine. Hakikuwa na herufi za p, v, ch, g wala ng'. Msomaji alilazimika kukisia, na aliyeizoea lugha alikisia vizuri. Upungufu huu haukuwa ugonjwa usiotibika. Huko Mombasa, Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alinakili mashairi ya kale kwa mwandiko uliorekebishwa, wenye alama za kutenga sauti ambazo Kiarabu hakizitengi. Na baada yake Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliendeleza marekebisho ya namna hiyo. Wajapani na Waajemi wamezirekebisha hati za kuazima kwa njia hiyo hiyo na wakaziita zao. Kilichoiondoa hati ya Kiarabu katika ofisi na shule za Afrika Mashariki si udhaifu wa herufi. Ni uamuzi wa serikali za kikoloni, mtambo wa kuchapa vitabu, na mtihani wa shule.

MAWIA, MAVIA AU MABIHA?

Wamisionari wa Kiingereza walifika Masasi mwaka 1876 wakiongozwa na Edward Steere, ambaye miaka mitano kabla yake alikwisha kuchapisha kitabu cha mwongozo wa Kiyao. Mwaka 1879 Chauncy Maples alitoa kitabu cha namna hiyo kwa Kimakua. Watu hawa waliandika kwa bidii na kwa masikio makali, lakini kila mmoja alisikia kwa sikio la lugha yake.

Mfano ulio bora ni sauti inayoanza neno la Kimakonde lenye maana ya watu. Ni sauti laini ya midomo: midomo hukaribiana, hewa hupita kati yake bila kukwaruza. Si v ya Kiswahili, ambayo meno ya juu huugusa mdomo wa chini. Si w, ambayo midomo hufanya duara. Wala si b, ambayo midomo hufungwa. Lyndon Harries, aliyechapisha muhtasari wa sarufi ya lugha ya Wamakonde wa kusini ya mto mwaka 1940, aliiandika kwa herufi w yenye kofia, ŵ, akaiita lugha hiyo Maŵiha. Mchapishaji asiyekuwa na kofia aliandika Mawia. Wareno waliandika Mavia. Wengine waliandika Mabiha. Matokeo yake, katika vitabu na ramani za makabila, watu wa aina moja walionekana kama makabila matatu, na wapo wanafunzi waliojisumbua kuyatafutia uhusiano wa nasaba. Sauti moja iliyokosa herufi ilizaa makabila ya karatasi.

Leo sauti hiyo huandikwa v pande zote mbili za mto: vanu, watu. Herufi v haikuwa na kazi nyingine katika Kimakonde, kwa hiyo hakuna linalochanganywa. Hapa pana kanuni ya kwanza ya tahajia, ambayo yafaa mwalimu aikazie: herufi haidaiwi kufanana na sauti kwa jinsi lugha nyingine inavyoitumia. Inadaiwa kuitenga sauti hiyo na jirani zake ndani ya lugha inayoandikwa. Sauti yenye uwezo wa kutenga neno na neno huitwa fonimu, na tahajia njema huanza kwa kuhesabu fonimu.

SIKIO LA MSEMAJI

Kuhesabu fonimu peke yake hakutoshi, na Kimakonde chaonyesha kwa nini. Mtu huitwa munu, na kitu huitwa chinu kaskazini ya mto au shinu kusini yake. (Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja mtu na kitu, n ya Kimakonde imesimama mahali pa nt ya kale.) Lakini neno likisemwa peke yake, au likiwa mwisho wa sentensi, silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa, nalo husikika muunu, chiinu. Likiingia katikati ya sentensi, mvuto huo hupungua au hutoweka. Je, iandikwe u moja au mbili?

Mgeni mwenye chombo cha kunasa sauti atasema mbili, kwa sababu ndivyo chombo kinavyoonyesha. Msemaji hana haja nazo. Yeye huvuta silabi hiyo bila kufundishwa, kama vile Mswahili atiavyo mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kuuandika. Jambo linalotabirika kwa kanuni lisiandikwe. Wino uhifadhiwe kwa lisilotabirika. Ni pale tu mkazo wa Kiswahili unapokataa kanuni, kama barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa, ndipo msomaji anaposita, na maneno ya namna hiyo ni machache mno kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuyawekea alama.

Gumu zaidi ni suala la m na n zinazobeba silabi peke yake. Kiswahili kina tatizo hili, ila wasemaji wake wamelizoea hata hawalioni. Neno mbuni likiwa ni ndege wa nyikani lina silabi mbili. Likiwa ni mti wa buni, au mtu abuniye, lina silabi tatu, m ikitamkwa peke yake. Tahajia haitofautishi, na hakuna mtoto aliyefeli kwa ajili ya mbuni. Lakini mtu aliyefundishwa kusoma Kiswahili akiandika Kimakonde hubeba mazoea yake mengine. Mwanamke kwa Kimakonde ni nkongwe. Kiambishi cha kwanza kimefuata mahali pa k kinywani, kikawa n ya nyuma ya ulimi. Mwandishi aliyezoea mtu, mti na mkono huandika mkongwe, nalo katika Kiswahili ni neno jingine kabisa, ambalo si kila mwanamke angefurahi kuitwa. Vivyo hivyo jina la lahaja ya Newala, Chinnima, lina n mbili kwa sababu ya kwanza ni silabi na ya pili ni mwanzo wa silabi nyingine. Karani asiyejua huifuta moja akidhani anasahihisha.

Katika Kimakonde cha Msumbiji, Marcelino Liphola alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 2001 kwamba irabu e na o, zikiwa mbali na silabi yenye mkazo, huweza kugeuka a katika usemi wa kawaida. Neno moja basi husikika kwa sura mbili katika kinywa cha mtu mmoja, asubuhi hivi na jioni vile. Tahajia ikifuata kila usemi, kamusi itajaa maneno pacha. Ikishika sura kamili peke yake, msomaji atageuza mwenyewe asomapo kwa sauti. Njia ya pili ndiyo ya busara, ijapokuwa humtaka mwandishi aijue sura kamili hata kama yeye haisemi kila siku.

Toni nayo ipo. Peter Kraal, aliyeandika sarufi kubwa ya Chinnima huko Leiden mwaka 2005, alitumia kurasa nyingi kuieleza. Hata hivyo katika vitenzi vya Kimakonde toni hutegemea zaidi wakati na umbo la kitenzi kuliko mzizi wa neno, kwa hiyo maana ya sentensi humsaidia msomaji mara nyingi. Lugha hii yaweza kuandikwa bila toni na ikasomeka. Si lugha zote za Afrika zilizo na bahati hiyo.

LUGHA ZA NAILI ZINAVYOIBANA ALFABETI

Hoja ya kubuni herufi mpya haikuanzia Ruvuma. Inasikika kwa nguvu zaidi miongoni mwa wasemaji wa lugha za Kiniloti, na yafaa kuwasikiliza, kwa kuwa wao alfabeti ya Kirumi imewabana pabaya zaidi kuliko ilivyowabana Wabantu. Tanzania yenyewe ina lugha za jamii hiyo, zikiwamo Kijaluo cha Mara na Kimaasai. Kijaluo kina irabu tisa, lakini huandikwa kwa herufi tano tu za irabu, na msomaji hujua kwa mazoea ni ipi inayokusudiwa.

Kidinka cha Sudan Kusini ni mfano mkubwa zaidi. Maneno yake mengi ni ya silabi moja, na ndani ya silabi hiyo hukusanyika mambo ambayo Kiswahili huyatandaza kwa viambishi. Irabu zina urefu wa ngazi tatu, si mbili. Kila irabu, isipokuwa u, husemwa ama kwa sauti ya kawaida ama kwa sauti yenye pumzi, na tofauti hiyo hubadili maana. Juu ya hayo kuna toni. Umoja na wingi wa nomino mara nyingi hutofautiana kwa urefu, pumzi au toni ya irabu ile ile, bila kuongezwa konsonanti hata moja.

Mwezi Aprili 1928 wakuu wa serikali ya kikoloni, wamisionari na wanaisimu walikutana Rejaf, karibu na Juba, wakachagua lugha tisa za kusini ya Sudan za kuendelezwa kwa maandishi, Kidinka kikiwa mojawapo, kwa herufi za Kirumi. Alfabeti ya Kidinka ya leo ina herufi za ziada kama ŋ, ɣ, ɛ na ɔ, na nukta mbili juu ya irabu zenye pumzi. Irabu ndefu huandikwa mara mbili. Toni haiandikwi, na ngazi tatu za urefu hulazimishwa kukaa katika ngazi mbili za herufi. Hata ɛ na ɔ zenye nukta mbili zilikuwa mtihani kwa wapiga chapa, na mpaka sasa katika kompyuta hazina namba moja ya kila herufi. Huundwa kwa kuunganisha herufi na alama, na si kila mashine huziunganisha vizuri.

Kwa hiyo anayesema kwamba Kidinka chahitaji hati iliyoshonwa kwa kipimo chake hasemi upuuzi. Mtu aweza kufikiria herufi ambayo umbo lake ni irabu, mkia wake ni urefu, na tumbo lake wazi au lililofungwa ni pumzi. Kwa Kijaluo, jambo hili limekwisha kujaribiwa: kati ya mwaka 2009 na 2012 ilibuniwa nchini Kenya hati mpya kwa ajili ya lugha hiyo. Hati mpya hupata faida moja ambayo hati ya kuazima huipata kwa shida, nayo ni kwamba mbunifu hulazimika kuanza na sauti za lugha, si na orodha ya herufi alizozikuta kwenye taipureta.

HATI ZILIZOISHI NA ZILIZOKUFA

Bara la Afrika limewahi kubuni hati nyingi, na habari zake hufundisha kuliko nadharia. Karibu mwaka 1833, Momolu Duwalu Bukele wa Liberia alibuni hati ya Kivai, yenye alama za silabi zipatazo 200. Hakuna serikali ya kikoloni iliyoilazimisha. Katika miaka ya 1970 Sylvia Scribner na Michael Cole, watafiti wa Kimarekani, waliwakuta watu wazima wakiandikiana barua na kuweka hesabu za biashara kwa hati hiyo, wakiwa wamefundishwa na ndugu au rafiki nyumbani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1981.

Huko Kameruni, Mfalme Njoya wa Wabamum alianza karibu mwaka 1896 akiwa na alama zaidi ya 500, akazipunguza hatua kwa hatua hata zikabaki 80 mwaka 1910 hivi. Alikuwa na shule na kiwanda chake cha kuchapa. Wafaransa walimwondolea mamlaka, wakamhamishia Yaoundé mwaka 1931, akafariki mwaka 1933. Hati ikabaki bila mlezi. Kati ya hizo mbili, ya Njoya ndiyo iliyokuwa na mfalme, na ya Bukele ndiyo iliyodumu sokoni.

Hati ya N'Ko, iliyobuniwa na Solomana Kanté mwaka 1949 kwa ajili ya lugha za Kimande, huonyesha toni na urefu wa irabu kwa alama zilizo wazi, nayo imeenea Afrika ya Magharibi kwa njia ya wafanyabiashara, waganga na walimu wa kujitolea. Hati ya Adlam ya Kifula ilianzishwa mwaka 1989 na ndugu wawili wa Guinea waliokuwa bado vijana wa shule, Ibrahima na Abdoulaye Barry, na mwaka 2016 ikaingizwa katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta. Karibu na nyumbani, Osman Yusuf Kenadid aliwabunia Wasomali hati yao mapema katika miaka ya 1920. Ilikuwa nzuri na ilikidhi sauti za lugha. Lakini ilihusishwa na ukoo mmoja, nayo hati ya Kiarabu ilikuwa na wafuasi wake. Tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya Somalia ikatangaza herufi za Kirumi, ambazo hazikuwa za ukoo wowote, na katika miaka miwili mitatu iliyofuata ikapeleka wanafunzi vijijini kuwafundisha watu kuzisoma.

Katika habari hizi zote, ubora wa herufi haukuamua peke yake. Iliyodumu ni ile ambayo mtu alipata wa kumwandikia.

KAZI ILIYOKO RUVUMA

Kwa Kimakonde, basi, hati mpya si hitaji la kwanza. Irabu tano za Kirumi zinakitosha, konsonanti zake zinaandikika bila nukta wala kofia, na mtoto wa Newala aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili anaweza kusoma Kimakonde siku hiyo hiyo, endapo tahajia haitamtega. Kumwongezea alfabeti ya pili ni kumtwisha mzigo bila malipo. Kinachohitajika ni mapatano, na mapatano hayo yanavuka mpaka.

Msumbiji imetangulia. Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kiliitisha semina ya kusanifisha tahajia za lugha za nchi hiyo mwaka 1988, ikafuatwa na nyingine mwaka 1999 na 2008, na Shimakonde ni mojawapo ya lugha zilizoshughulikiwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 lugha hiyo imetumika katika shule za msingi zinazofundisha kwa lugha mbili, mtoto akianza kwa lugha ya nyumbani na kuingia katika Kireno baadaye. Upande wa Tanzania, Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967, na Kimakonde hakimo darasani. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yahimiza kuandikwa kwa kamusi na sarufi za lugha za jamii, na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001 na kutoa atlasi yake mwaka 2009, umefanya kazi ya kusifiwa. Lakini kazi hiyo imefanywa kwa mazoea ya wanaisimu, ambao hupenda c moja badala ya ch. Waumini na waandishi wa kawaida huandika ch. Na Wasumbiji huandika sh kwa sababu ndivyo wanavyotamka.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Katika Kireno, herufi ch husomwa sh. Neno chinu, likiandikwa hivyo, Mtanzania atalisoma kwa ch yake na Msumbiji aliyepita shule ya Kireno atalisoma kwa sh yake, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, na kitabu kikabaki kimoja. Vivyo hivyo chilambo, nchi, ambayo kusini ni shilambo. Tahajia iliyochukuliwa kuwa alama ya utengano ingaliweza kuwa daraja. Semina za Maputo zilichagua sh, na zilikuwa na sababu nzito, kwa kuwa zilitaka herufi zifanye kazi moja katika lugha zote za nchi yao na zijiepushe na mazoea ya Kireno. Uamuzi huo waweza kueleweka. Hata hivyo uliamuliwa kana kwamba mto ni ukingo wa lugha, na mto si ukingo wa lugha.

Gharama ya jambo hili haiko vitabuni tu. Tangu Oktoba 2017, mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia, na hasa baada ya Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021, shule nyingi za kaskazini ya Cabo Delgado zilifungwa na watu wengi wakayahama makazi yao, baadhi wakivuka Ruvuma. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Shimakonde akivuka mto hukuta watu wanaoifahamu kauli yake na wasioitambua tahajia yake. Kitu pekee alichokwisha kujifunza shuleni huonekana kana kwamba ni makosa ya kuandika. Kwa wasemaji wa Kimakwe, lugha ya pwani ya Palma ambayo Maud Devos aliiandikia sarufi mwaka 2004, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu vitabu vyao ni vichache pande zote.

Mapatano yanayohitajika si mengi. Yanahusu ch, c na sh. Yanahusu n ya silabi, kama ni nkongwe au mkongwe. Yanahusu mahali pa kutenga neno na neno, jambo ambalo halikugusiwa hapa na ambalo huleta ugomvi kuliko herufi zote. Shule ya sekondari ya Mtwara, Newala au Masasi yaweza kuchangia bila fedha wala maabara, kwa kuwa tahajia hupimwa kwa njia nyepesi. Mzee asimulie hadithi fupi kwa Kimakonde, au kwa Kimakua au Kiyao kama ndiyo lugha ya hapo. Wanafunzi wawili waiandike, kila mmoja peke yake, bila kuulizana. Kisha waitwe wanafunzi wengine wawili wajuao lugha hiyo, ambao hawakuwapo wakati wa kusimulia, wasome maandishi hayo kwa sauti mbele ya mzee. Mwalimu awe na daftari na aandike mambo matatu: neno ambalo waandishi wawili waliliandika tofauti, neno ambalo msomaji alisita au alirudia, na neno ambalo mzee alilikanusha. Jaribio lirudiwe kwa hadithi nyingine na wasomaji wengine, na maneno yanayojirudia katika orodha zote yatiwe mstari.